Jinsi ya kuandaa chati ya kumi bora ya wanamuziki waliotangulia, ukiwa na redio ndogo Kigoma

Kitu cha kwanza kabisa, toa kichwani wazo kwamba unapanga watu. Unapanga nyimbo. Ukishasema "namba tisa ni Remmy Ongala na namba mbili ni Marijani Rajabu" tayari umewashindanisha marehemu, na simu zitakazoingia hapo ni za ugomvi mtupu, nani alikuwa mkubwa, nani aliimba vizuri, nani kanyimwa haki yake. Lakini ukisema "wimbo ulioshika namba tisa kwa kura zenu" mtu anaweza kununa ila hawezi kukwambia umemdharau marehemu, maana ni wimbo ndo umeshuka, mwenye wimbo yuko palepale. Mi hili nimelijua baada ya kutukanwa, sio shuleni.

Mi natangaza redio ya hapa mjini, studio chumba kimoja, fundi mitambo mmoja ambaye pia ndo anapokea simu, na kipindi cha hivi nakifanya mara tatu au nne kwa mwaka. Hizi chati za kuhesabu kurudi nyuma zilianzia mbali, Casey Kasem alianza na yake ya nyimbo 40 huko Marekani tarehe 4 Julai 1970, na kitu kimoja tu nilichomuiba ni ile ya kuanza na kisa kwanza halafu jina la mwimbaji linakuja mwishoni. Mengine yote ni ya huku kwetu, maana msikilizaji wa Mwanga na Ujiji, mitaa ya hapa mjini, ana mambo yake.

Anza na tarehe. Usiamke tu Jumapili ukasema leo tunawakumbuka marehemu, watu watauliza kwani kafa nani. Tengeneza kalenda yako, karatasi moja tu ubandike ukutani. Aprili imejaa: Muhidin Gurumo tarehe 13 mwaka 2014, Bi Kidude tarehe 17 mwaka 2013, Papa Wemba tarehe 24 mwaka 2016 alipoanguka jukwaani Abidjan. Desemba ipo ya kwetu kabisa, Remmy Ongala tarehe 13 mwaka 2010 na Shem Karenga mwaka 2014 mwezi huohuo. Januari ya Mbaraka Mwinshehe, ajali ya gari kule Mombasa 1979. Machi ya Marijani, tarehe 23 mwaka 1995. Oktoba Franco, tarehe 12 mwaka 1989. Vijana wa bongo fleva unao Mei, Ngwair tarehe 28 mwaka 2013 akiwa Afrika Kusini. Mi huwa nachagua Desemba na Aprili, na Ramadhani ikiangukia hapo nakisogeza kipindi mbele bila kubishana na mtu, Ujiji ile, utapiga magitaa mwezi mtukufu halafu Idi ukapite mtaa gani.

Na muda. Saa 12 jioni mpaka saa 2 usiku Jumapili ndo muda wangu na nitakwambia kwa nini. Huku kwetu jua linachelewa, watu wa Dar wameshawasha taa sisi bado mtu anaanika dagaa, jua linazama kwenye saa 1 hivi, kwa hiyo habari za saa 1 na adhana ya magharibi zinakaribiana na ukipanga vizuri hakuna wimbo unaogombana na msikiti. Nusu ya kwanza namba kumi mpaka sita, habari, nusu ya pili tano mpaka moja. Saa 2 unatoka, hapo hakuna cha kuongeza.

Sasa kura. Wiki mbili kabla unatangaza namba ya meseji na wasap, kila mtu anataja nyimbo tatu kwa mpangilio, ya kwanza unaipa alama 3, ya pili 2, ya tatu 1, unajumlisha. Usiruhusu wimbo mmoja mmoja, kwa sababu mtu akiwa na nafasi moja anampigia yule ambaye kila mtu anamjua na chati yako inakuwa ileile ya kila redio, ila akipewa tatu ile ya tatu anaitoa moyoni, ndo hapo unapata nyimbo ulizokuwa umezisahau. Laini moja kura moja. Nasema hivyo nikijua kuna jamaa Kibirizi ana laini tano na mwandiko wake wa meseji naujua, zote zinaanza na "Dah mtangazaji", nikaziweka pamoja nikahesabu moja, akanipigia kulalamika kwa namba ya sita.

Kitu kitakachokushangaza ni Wakongo. Chati yangu ya kwanza saba kati ya kumi zilikuwa za kina Franco, Pepe Kalle, Madilu, Tabu Ley. Nikataka kuweka kikomo, kwamba Watanzania lazima watano, halafu nikajiuliza hivi msikilizaji wangu ni nani? Mawimbi yanavuka ziwa, nina watu Uvira na Kalemie kule Kongo, nina watu kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na hata hawa wa Ujiji, Wamanyema babu zao walitoka hukohuko Maniema alikozaliwa Remmy, Kindu, 1947, kabla hajaja Dar akawa wetu. Kwa hiyo nikaacha. Ila kanuni yoyote utakayochagua, iwe ya kikomo au bila kikomo, itangaze kabla kura hazijaanza na uirudie mwanzo wa kipindi, usije ukaibuni baada ya kuona matokeo, hapo ni wizi tu hata kama nia nzuri.

Na tahadhari moja kuhusu waliofariki karibuni. Kifo kinapandisha wimbo. Otis Redding alikufa kwenye ajali ya ndege tarehe 10 Desemba 1967, wimbo aliotoka kuurekodi siku chache tu kabla ukashika namba moja Marekani Machi 1968, na John Lennon aliuawa tarehe 8 Desemba 1980 na kabla mwezi haujaisha wimbo wake ulikuwa juu kabisa. Hata hapa ni hivyohivyo, msanii akizikwa Jumatano Jumapili kura zote zake. Mi nimejiwekea mtu asiingie kwenye chati mpaka mwaka upite, huyo wa juzi nampa kipindi chake peke yake, bila namba.

Haya, hapa sasa ndo pazito. Hakikisha marehemu ni marehemu. Usicheke. Mwaka wangu wa pili kwenye redio nilimtangaza mpiga gitaa mmoja wa zamani, wa bendi ya Tabora, jina nalihifadhi, nilipata taarifa kwa mtu aliyeipata kwenye kundi la wasap, nikaweka wimbo namba saba, nikasoma na maneno mazuri kabisa nilikesha nayo. Wimbo haujafika katikati simu ikalia, binti anaongea taratibu kabisa, "Kaka samahani, napiga kutoka Gungu, babu yupo hapa barazani anasikiliza, anauliza amekufa lini." Nyuma yake nasikia mzee anacheka na sahani zinagongana, walikuwa wanakula samaki. Afu mzee akachukua simu akasema, "Mwanangu, ungesubiri hata nimalize mgebuka." Nilitamani maiki inimeze.

Tokea hapo kanuni yangu ni watu wawili, mmoja ndugu wa damu na mwingine mtu aliyepiga naye muziki, na wawe hawajaongea pamoja. Mtandao sihesabu kama mtu. Kama sijapata wawili jina linatoka hata kama kura zake elfu. Na ikitokea umekosea kama mimi, usahihishe palepale, sio wiki ijayo, kwa sauti ileile na muda uleule uliotumia kukosea, umsalimie mwenyewe kwa jina, na wimbo wake uukate, usiendelee kuupiga kwenye orodha ya waliolala. Yule mzee wiki iliyofuata nilimwalika studio, akaja na fimbo yake na kofia, akaongea saa nzima, hicho ndo kipindi changu watu wanachokikumbuka mpaka leo na mimi ningependa wasahau.

Majina nayo yanachanganya. Salum Abdallah ni wa Cuban Marimba, Morogoro, alifariki kwa ajali ya gari 1965. Salum Zahoro ni wa Kiko Kids, Tabora. Salum wawili, zama moja, na kwenye mafaili ya kudaunlodi unakuta picha ya mmoja na sauti ya mwingine. Vivyo hivyo Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, zote za Tabora, na anayepandisha mtandaoni anaandika lolote linalomjia. Usiamini jina la faili. Sikiliza, bendi za zamani zilikuwa zinajitaja zenyewe ndani ya wimbo, mitindo ilikuwa inatajwa, ukisikia Segere Matata hao ni Tabora Jazz. Kama huna uhakika mpelekee mzee kwenye simu, dakika moja tu ya wimbo, atakwambia na aliyepiga besi.

Kuhusu kupata nyimbo zenyewe, bendi nyingi zile zilirekodi RTD, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo leo ni TBC, nyingine zikatoka kwenye santuri ndogo za mizunguko 45, na hapo kuna mtego ambao watangazaji vijana hawaujui. Wimbo ulikuwa mrefu kuliko upande mmoja wa santuri, kwa hiyo ukakatwa, sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande ule. Aliyehamisha kwenda kwenye kompyuta mara nyingi kachukua upande mmoja tu. Unapiga, waimbaji wanamaliza beti, magitaa ndo yanaanza kujibizana, paf, kimya. Umekata chemko! Mzee aliyecheza wimbo ule 1975 alikuwa anasubiri hapohapo, beti alikuwa anavumilia tu. Tafuta sehemu ya pili uziunge, na ukiikosa basi sema hewani kwamba tuna kipande cha kwanza tu, nani anacho cha pili. Mi niliwahi kusema hivyo, kesho yake akaja mama mmoja na kaseti imefungwa kwenye mfuko wa Rambo ndani ya kopo la Blue Band, ilikuwa ya marehemu mume wake, utepe umejikunja kidogo, tukauzungusha kwa kalamu ya Bic taratibu kama tunashona, na kile kipande kilikuwemo. Kina mvumo kama mvua ya bati. Nilikipiga hivyohivyo, na yule mama nilimtaja kwa ruhusa yake.

Sauti sasa. Rekodi za zamani ziko chini na ni mono, yaani sauti ya njia moja, ngoma ya bongo fleva iko juu imebanwa mpaka mwisho, ukizifuatanisha bila kusawazisha msikilizaji mwenye redio ya mkulima anazima au anarukia kitufe cha sauti. Kaa na fundi Jumamosi, pandisheni zile za zamani polepole, msiongeze besi mpaka zikawa kitu kingine, na zile zenye mikwaruzo msizisafishe kupita kiasi, mkisafisha sana mnaondoa na matoazi.

Muda uupigie hesabu kabisa kwenye karatasi. Dakika 120. Toa habari 10, toa matangazo ya biashara mara nne dakika tatu tatu, 12, toa ufunguzi na kufunga 3. Zimebaki 95. Nyimbo za dansi ukizisikiliza mpaka mwisho weka wastani wa dakika sita na nusu, mara kumi, 65. Kwa hiyo una dakika 30 za kuongea, tatu kwa kila wimbo, na ndani ya hizo tatu kuna simu na salamu. Yani wewe mwenyewe una dakika moja na nusu. Ndo maana lazima uandike. Anayesema "mi naongea tu kutoka kichwani" ndo yule anayefika namba nne saa 2 kasoro kumi halafu namba moja anaikata, namba moja! Afadhali ukate maneno yako yote kuliko wimbo mmoja.

Na maneno yenyewe. Nasikia sana hii: "Tunamkumbuka gwiji, nguli, mkongwe, mahiri, marehemu fulani, pengo lake halitazibika." Hapo umesema nini? Hayo maneno yanamfaa mtu yeyote, hata mwenyekiti wa mtaa. Chukua kitu kimoja cha huyo mtu peke yake. Kwa Shem Karenga mi niliandika hivi: "Huyu ni wa hapahapa Kigoma. Alianzia Lake Tanganyika Jazz, bendi ya huku kwetu, ndipo akaenda Tabora, na wimbo alioutunga akiwa Tabora Jazz bado unaimbwa harusini na watu ambao hawajui kwamba mwenyewe alifariki Desemba 2014. Namba tatu." Halafu gitaa likaingia. Sikumtaja jina mpaka wimbo umeisha na simu zilikuwa zinawaka. Umeona, hakuna gwiji hapo.

Neno marehemu liseme mara moja, ukishasema inatosha, baada ya hapo mwite jina lake alilokuwa anaitwa jukwaani. Amefariki, sio amekufa. Dini yake kama huijui usiibahatishe, sema Mungu amrehemu basi, usimpe mtu wa kanisani Innalillahi wala mtu wa msikitini bwana ametoa. Na sababu ya kifo achana nayo, isipokuwa kama ni jambo la wazi kama ajali. Wengi wa miaka ya 80 na 90 waliugua na mitaa ikasema yake, watoto wao wako hai, wana wajukuu shuleni, we unatafuta nini.

Familia uwapigie kabla, sio kuwashtukiza hewani. Unajitambulisha, unatoa pole hata kama ni miaka ishirini, unasema wimbo wa mzee umeingia kwenye chati na utapigwa saa fulani, wangependa kusema chochote? Wengine watakataa, sema asante. Wengine watakuuliza hela, na hilo swali ni halali kabisa usilikwepe. Kwa sheria ya hakimiliki ya 1999 haki ya mtunzi inaishi uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo Mbaraka wa 1979 tungo zake bado zina wenyewe. Redio inatakiwa iwe na leseni ya kupiga muziki na nyimbo zilizopigwa ziandikwe, mtunzi nani, mwimbaji nani, maana mara nyingi sio mtu mmoja, aliyeimba akapata sifa na aliyetunga hata jina hatajwi. Jaza hiyo fomu vizuri kwa nyimbo zako kumi, na uwaelekeze warithi waende wakajisajili. Hilo ndo la maana zaidi utakalowafanyia, hiyo salamu ya hewani watasahau.

Simu za moja kwa moja nakushauri upokee mbili tu kwa kila nusu, na fundi aongee na mtu kwanza. Kuna bibi wa Katonga hupiga kila Desemba, nikisema tu "Shikamoo bibi" anajibu "Marahaba mjukuu wangu, leo nimevaa khanga ileile," anasimulia dakika moja juu ya dansi alilocheza na mume wake, anakata mwenyewe. Huyo simkatizi. Lakini kuna yule anayepiga anataka kusalimia watu kumi na saba, huyo umwombe atume meseji.

Umeme. Weka nyimbo zote kumi kwenye flash na kwenye simu ya fundi, jaza mafuta ya jenereta siku moja kabla na ukaangalie kwa macho, usiulize, angalia. Mwaka fulani tulizimika namba mbili ikiwa katikati, jenereta likakohoa, mlinzi akasema mafuta aliazima mtu. Dakika kumi na moja tulikuwa kimya. Tuliporudi nikaanza wimbo upya tangu mwanzo na nikaruka matangazo mawili ya biashara, bosi alinuna, nikamlipa fidia ya kukaa naye kikao Jumatatu.

Ukifika namba moja usipige kelele. Hiyo miluzi ya "nambaaaa mojaaa" iache kwa chati za wiki. Mi nasoma kwanza namba kumi mpaka mbili kwa haraka, jina la wimbo na bendi tu, nakaa kimya sekunde tatu, fundi anajua asiguse kitu, halafu wimbo unaingia bila mimi kusema. Baada ya wimbo sirudi. Fundi anaacha gitaa la mwisho lizame lenyewe, inaingia mlio wa saa, habari.

Kesho yake njoo mapema maana simu ya ofisini itaanza saa 2 asubuhi, huyu analalamika wa kwake kawa wa nne, yule anasema mbona hamkumpiga fulani, na wa tatu anakwambia huyo uliyempiga namba sita ana mtoto anauza samaki Kibirizi na mtoto ana madaftari ya baba yake. Andika namba zote, na huyo wa madaftari mfuate siku hiyohiyo kabla mtu hajafungia dagaa.